Shahada mkononi, CPA bado: maswali yenu kuhusu uhasibu

Kidato cha tano au chuo?

*Shikamoo mhariri. Binti yangu amemaliza kidato cha nne. Hisabati ana C, utunzaji wa vitabu vya hesabu B, Kiingereza C, Biashara C, yaliyobaki ni D. Roho yake iko kwenye uhasibu. Baba yake anataka aende kidato cha tano, yeye anataka chuo moja kwa moja. Nimsikilize nani? (Mama, Kahama)*

Marahaba, mama. Wote wawili wana hoja, ila inabidi mpige hesabu ya miaka na ya fedha kabla ya kugombana.

Njia ya baba ni miaka 2 ya kidato cha tano na sita, kisha miaka 3 ya shahada. Jumla 5. Njia ya binti ni mwaka 1 wa cheti cha awali (NTA ngazi ya 4), miaka 2 ya stashahada (ngazi ya 5 na ya 6), halafu miaka 3 ya shahada. Jumla 6. Chuo kinamchelewesha mwaka mmoja, lakini akifika mwaka wa tatu ana stashahada inayomwezesha kuomba kazi ya ukarani wa hesabu au uhasibu msaidizi. Aliyemaliza kidato cha sita hana kitu cha kuonyesha kazini hadi amalize chuo kikuu, na akiteleza kwenye mtihani ule anarudi kuanza stashahada, miaka miwili nyuma ya wenzake.

Masharti yenyewe ni haya. Kuingia NTA ngazi ya 4 anatakiwa awe na ufaulu wa masomo manne, na masomo ya dini hayahesabiwi. Binti amevuka. Kutoka stashahada kwenda shahada, vyuo hutaka wastani usiopungua 3.0 kati ya 5, na hapa ndipo wengi huumia: mwaka wa kwanza wanauchukulia kama mchezo, wanamaliza na 2.8, mlango unafungwa. Kwa anayepita kidato cha sita, anatakiwa apate ufaulu wa ngazi ya juu (principal pass) katika masomo mawili, jumla ya pointi zisizopungua 4.0, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kwa hiyo D mbili zinampitisha kwenye sharti la jumla, ingawa vyuo vyenye waombaji wengi hujaa kabla ya kumfikia mwenye D mbili.

Akienda kidato cha tano, tahasusi inayoelekea huku moja kwa moja ni ECA: Uchumi, Biashara na Uhasibu. EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati) nayo inampeleka vizuri, maana Hisabati yake inapendwa na vyuo vyote. Ile C ya Hisabati ya kidato cha nne asiidharau. Uhasibu wenyewe unahitaji kujumlisha, kutoa, asilimia na uwiano tu, lakini vyuo vingi huangalia ufaulu huo wakati wa udahili, na somo la takwimu mwaka wa kwanza huwakamata waliokuwa wakilikimbia.

Kwa matokeo haya, kama ada ya chuo ipo, tungempeleka chuo. Kama ada ni ya kuungaunga, baba ameshinda: ada ya kidato cha tano na sita katika shule za serikali iliondolewa mwaka 2022, na mkopo wa Bodi ya Mikopo atauomba akifika shahada.

Vyuo vinavyojulikana kwa fani hii ni Taasisi ya Uhasibu Tanzania (TIA), yenye kampasi mikoani ikiwamo Singida, Mwanza na Kigoma, Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM), Chuo cha Uhasibu Arusha na Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE). Mkichagua chuo binafsi, msiishie kuuliza kama chuo kimesajiliwa na NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi. Ulizeni kama *kozi ya uhasibu* ya chuo hicho ina ithibati. Kipo chuo chenye usajili halali kinachofundisha kozi isiyo na ithibati, na mzazi hugundua siku mtoto anapokataliwa udahili wa ngazi ya juu.

Nina shahada ya uhasibu. Mimi si mhasibu?

*Habari za kazi. Nimemaliza shahada ya uhasibu mwaka jana, GPA 3.9. Kila tangazo ninalofungua linataka CPA. Rafiki yangu anaandika CPA kwenye wasifu wake kwa sababu eti amesajiliwa na Bodi kama mtahiniwa. Naweza nami kufanya hivyo? (Mhitimu, Mwanza)*

Usifanye hivyo, kijana, na mwambie rafiki yako aifute leo. CPA, yaani daraja la mhasibu aliyesajiliwa, haitolewi na chuo kikuu. Taaluma hii inasimamiwa kwa sheria, ile ya usajili wa wakaguzi na wahasibu ya mwaka 1972, na anayesajili ni Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA). Mtahiniwa ni mtu aliyelipa ada ya kufanya mtihani. Kujiita CPA kabla ya kusajiliwa ni kosa, na mwajiri akipeleka jina lako Bodi kuuliza, jibu atalipata.

Shahada yako imekupa jambo moja kubwa: msamaha. Mitihani ya taaluma ina ngazi tatu, yaani ya msingi, ya kati na ya mwisho. Mwenye shahada ya uhasibu huruka ngazi ya msingi na kuanzia ya kati. Ngazi ya mwisho ina mitihani minne, na uzito wake uko kwenye utayarishaji wa taarifa za fedha za makampuni, ukaguzi, fedha za makampuni na kodi. Misimu mikuu ya mitihani ni Mei na Novemba. Ukiomba msamaha, peleka nakala ya matokeo ya masomo yote iliyothibitishwa, wala usingoje wiki ya mwisho ya usajili. Vyuo vingine huchelewesha nakala hiyo, na ukikosa msimu umepoteza miezi kadhaa.

Ukifaulu mitihani yote, bado. Unatakiwa uwe na uzoefu wa vitendo wa miaka 3 katika kazi ya uhasibu au ukaguzi ndipo usajiliwe katika daraja la CPA. Kosa la kila mwaka ni kutoandika. Mtu amefanya kazi miaka minne kwenye kampuni mbili, bosi wa kwanza kahamia nchi nyingine, kampuni ya pili imefungwa, hana wa kumthibitishia. Kila miezi sita andika ukurasa mmoja: ulifanya kazi gani, kwa kiwango gani cha wajibu, chini ya nani. Msimamizi asaini angali ofisini.

Kuhusu matangazo: serikalini, soma jina la cheo kwa makini. Katika matangazo mengi ya Sekretarieti ya Ajira, *Afisa Hesabu Daraja la II* huhitaji shahada, na *Mhasibu Daraja la II* huhitaji shahada pamoja na CPA. Vijana huona neno "hesabu" wakaomba vyote, kisha hushangaa kutoitwa. Wewe kwa sasa omba la kwanza.

Kwa nini watu wanafeli ngazi ya mwisho ilhali chuoni walikuwa na GPA nzuri? Sababu ya kwanza ni muda. Mtihani wa saa 3 wenye alama 100 unakupa dakika 1.8 kwa alama. Swali la alama 20 lina dakika 36, basi. Mtahiniwa hukaa dakika 70 akitafuta kwa nini mizania imekataa kulingana kwa shilingi elfu tano, na elfu tano hiyo ina thamani ya alama moja. Dakika ya 36 ikifika, acha nafasi, geuza ukurasa.

Sababu ya pili ni kodi ya zamani. Sheria ya Fedha hubadilisha viwango kila mwaka kuanzia tarehe 1 Julai, na vitini vinavyouzwa mitaani havibadiliki. Hakikisha unajua mtihani wako unatumia sheria ya mwaka upi kabla ya kukariri kiwango chochote.

Ya tatu ni kusoma bila kuandika. Viwango vya kimataifa vya utoaji taarifa za fedha, IFRS, ambavyo Tanzania ilianza kuvitumia mwaka 2004, ukivisoma kama gazeti unaona umeelewa. Chukua swali la kuunganisha hesabu za kampuni mama na kampuni tanzu, funga kitabu, andika kwa mkono mpaka mwisho. Usipoweza kulimaliza peke yako, ujue hukuelewa.

Mwalimu wa Hisabati anaweza kubadili njia?

*Nina miaka 34, shahada yangu ni ya ualimu wa Hisabati na Fizikia. Nirudi chuo kusoma shahada nyingine ya uhasibu? (Mwalimu, Tanga)*

Mwalimu, shahada ya pili ya miaka mitatu ni kujichosha bure. Mwenye shahada isiyo ya uhasibu anaruhusiwa kuanza mitihani ya Bodi katika ngazi ya msingi, na kwako takwimu zitakuwa mteremko. Kitakachokusumbua ni sheria za biashara na kanuni za debiti na krediti, kwa sababu Hisabati imekuzoesha kuuliza "kwa nini" na hapa jibu la miezi ya mwanzo ni "ndivyo tunavyoandika". Kuna pia stashahada ya uzamili ya uhasibu, ya mwaka mmoja, ambayo vyuo kama IFM na TIA hutoa. Inafaa kwa mtu anayehitaji mwalimu mbele yake.

Tatizo lako halisi ni ile miaka 3 ya vitendo. Kufundisha hakuhesabiwi. Usiache kazi kwanza: fanya ngazi ya msingi ukiendelea kufundisha, kisha tafuta nafasi ya hesabu, hata ya uhasibu wa shule binafsi au SACCOS ya walimu, kabla hujafika ngazi ya mwisho.

CPA au ACCA?

*Niko Muscat, nafanya kazi ya hesabu kwenye duka la vipuri. Nina stashahada ya Tanzania. Wahindi tunaofanya nao kazi wote wanazungumzia ACCA. Nianze hiyo au nisubiri nikirudi nyumbani nifanye CPA? (Msomaji, Oman)*

Jibu linategemea sahihi yako unataka iheshimiwe wapi. Ukitaka kukagua hesabu na kusaini ripoti Tanzania, au kupanda vyeo serikalini, CPA ya Tanzania ndiyo njia iliyonyooka. Ukitarajia kuendelea kuzunguka Ghuba, ACCA inafahamika zaidi na waajiri wa huko, na unaweza kuifanya ukiwa hapohapo.

ACCA, chama cha wahasibu cha Uingereza kilichoanzishwa mwaka 1904, kwa utaratibu wa miaka hii ina mitihani 13: mitatu ya maarifa ya awali, sita ya ujuzi, minne ya ngazi ya juu. Kufaulu ni asilimia 50. Ile mitatu ya awali, na ule wa sheria ya biashara, hufanyika kwa kompyuta wakati wowote utakaopanga na kituo, mingine ina misimu minne kwa mwaka: Machi, Juni, Septemba na Desemba. Inahitaji miezi 36 ya uzoefu, na kazi yako ya dukani inaweza kuingia humo mradi msimamizi anayekubalika aithibitishe.

Ada hulipwa kwa pauni za Uingereza, na watu hupanga bajeti kwa kuangalia ada ya mtihani tu. Ongeza ada ya kujiunga, ada ya uanachama ya kila mwaka, ada ya msamaha kwa kila mtihani unaosamehewa (ndiyo, hata usioufanya unaulipia), vitabu, na ada ya kurudia mtihani. Kuna kikomo pia: ukishafaulu mtihani wa kwanza wa ngazi ya juu una miaka 7 ya kuimaliza minne yote, la sivyo iliyozeeka inafutwa.

Wakati unaamua, jifunze vizuri VAT ya hapo ulipo. Oman ilianza kutoza asilimia 5 mwezi Aprili 2021, na Falme za Kiarabu asilimia hiyohiyo tangu Januari 2018. Karani anayejua kuandaa ritani ya VAT dukani ana bei tofauti na karani wa kuandika risiti.

KCSE C, mlango uko wapi?

*Mimi ni wa Mombasa. Nilipata C katika KCSE. Nimeambiwa CPA ya KASNEB siwezi. Ni kweli? Na nikimaliza naweza kufanya kazi Tanzania? (Msomaji wa kiume, Likoni)*

Kuingia CPA moja kwa moja, KASNEB (bodi ya mitihani ya uhasibu ya Kenya) hutaka wastani wa C+ katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Wewe unaanzia stashahada ya mafundi wa uhasibu, ATD, inayodai C-, na ukiimaliza unaingia CPA bila mtu kuuliza tena KCSE. Watu wengi huona aibu kupitia ATD. Aibu ya nini? Aliyepitia huko hufika CPA mkono wake umeshazoea leja, na mitihani ya mwanzo haimsumbui.

CPA yenyewe ina ngazi tatu, ya msingi, ya kati na ya juu, na kila mtihani hufaulu kwa alama 50. KASNEB hutahini tu. Ukishamaliza, anayekusajili kuwa mwanachama ni ICPAK, chama cha wahasibu cha Kenya, chini ya Sheria ya Wahasibu ya mwaka 2008, na leseni ya kufungua ofisi ya ukaguzi ni hatua nyingine juu ya hapo. Anayesema "nimemaliza CPA" na anayesema "mimi ni CPA" wanaweza kuwa watu wawili tofauti kabisa.

Kuhusu Tanzania, vyama vya wahasibu vya nchi za Afrika Mashariki vilitia saini makubaliano ya kutambuana mwaka 2011. Yanakurahisishia usajili kwa NBAA, hayakuondolei kibali cha kazi wala wajibu wa kujifunza sheria za kodi za huku. Waajiri wa Dar watakuuliza SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi) ni nini, na huko Kenya huijui.

Wanatupa mtihani gani kwenye usaili?

*Nimeitwa usaili mara tatu. Mara zote wanatupa karatasi ya vitendo kwanza, saa moja, na mara zote naishia hapo. Nina stashahada nzuri tu. Wanatafuta nini? (Msomaji, Singida)*

Wanatafuta mtu ambaye Jumatatu hatauliza kila kitu. Karatasi hizi hubadilika majina ya kampuni tu. Mambo matatu hujirudia, na tutayafanya hapa kwa tarakimu ili ukae na kalamu.

La kwanza ni kutoa VAT ndani ya bei. Swali: kampuni imelipa ankara ya shilingi 1,180,000, VAT ikiwamo, kiwango asilimia 18. VAT ni kiasi gani? Mtu mwenye haraka anachukua asilimia 18 ya 1,180,000 anapata 212,400. Amefeli. Bei imeshabeba kodi, kwa hiyo ni sehemu 118, si 100. Unagawa kwa 118 na kuzidisha kwa 18: 180,000. Gharama inayoingia leja ni 1,000,000. Tofauti hiyo ya 32,400 kwa ankara moja, kampuni ikiwa na ankara mia kwa mwezi, ni ugomvi na Mamlaka ya Mapato (TRA). Na usisahau swali la pili wanalolificha: je, una risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya kodi)? Bila hiyo, huwezi kudai kurudishiwa VAT uliyolipa.

La pili ni mshahara. Mfanyakazi wa kampuni binafsi Tanzania Bara analipwa 900,000 kwa mwezi. Anza na mfuko wa jamii: NSSF sehemu yake ni asilimia 10, yaani 90,000. Kodi hutozwa kwenye kinachobaki, 810,000. Kwa viwango vya PAYE (kodi ya mshahara) tunavyovitumia hapa, kipato kati ya 760,000 na 1,000,000 hutozwa 68,000 pamoja na asilimia 25 ya kinachozidi 760,000. Kilichozidi ni 50,000, asilimia 25 yake ni 12,500, jumla ya kodi 80,500. Mkononi anapata 729,500.

Wanaokosea hupiga kodi kwenye 900,000 nzima wakapata 103,000, na mfanyakazi anaibiwa 22,500 kila mwezi bila mtu kukusudia. Wanaokosea upande wa pili hutumia asilimia 10 kwa mtumishi wa umma, ilhali PSSSF humkata mfanyakazi asilimia 5 na mwajiri hulipa 15.

Wakikuambia "andika jarida", yaani ingizo la debiti na krediti, wanataka kuona kama unajua gharama ya mwajiri. Ongeza NSSF ya mwajiri 90,000, SDL ya asilimia 3.5 ambayo ni 31,500 (kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi), na mfuko wa fidia, WCF, asilimia 0.5 ambayo ni 4,500. Debiti gharama zote: 1,026,000. Krediti mishahara inayodaiwa 729,500, NSSF 180,000, PAYE 80,500, SDL 31,500, WCF 4,500. Jumlisha krediti. Zikifika 1,026,000, weka kalamu chini kidogo upumue, umeshawapita wengi chumbani.

La tatu ni usuluhishi wa benki, na hapa ndipo panapomwagika damu. Daftari la fedha linasema 4,350,000. Taarifa ya benki inasema 4,782,000. Umepewa maelezo: hundi za 650,000 mlizotoa hazijapelekwa benki, fedha 400,000 mlizopeleka jioni ya tarehe 31 hazijaonekana kwenye taarifa, benki imekata ada 18,000, mteja ameweka 200,000 moja kwa moja kwenye akaunti na ninyi hamkujua.

Jiulize kwa kila kitu: nani hajui? Ada na pesa ya mteja, daftari letu ndilo halijui. Basi turekebishe daftari: 4,350,000 toa 18,000 ongeza 200,000, inakuwa 4,532,000. Hundi na fedha za jioni, benki ndiyo haijui. Turekebishe upande wa benki: 4,782,000 ongeza 400,000 toa 650,000, nayo 4,532,000. Zimekutana. Vile vya daftari letu huandikiwa jarida, vile vya benki haviandikiwi chochote, huachwa hadi benki ivione. Mtahiniwa anayeandika jarida la hundi ambayo haijapelekwa benki amezitoa fedha hizo mara mbili.

Na kama urari wa majaribio umekataa kulingana, usianze kukagua mstari kwa mstari. Igawe tofauti kwa 9. Ikigawanyika bila baki, huenda tarakimu zimegeuzwa, mfano 54,000 ikaandikwa 45,000, tofauti 9,000. Isipogawanyika, igawe kwa 2 utafute kiasi hicho: huenda kimeandikwa upande usio wake. Ikiwa ni namba kamili kama 100,000 tupu, angalia kwanza ulivyojumlisha. Mbinu hizi ni za zamani, lakini mtu akiona unazitumia anajua umeshika leja.

Jambo moja nje ya karatasi: wakikuuliza Excel, wasikusikie ukisema "naijua". Jifunze kujumlisha kwa sharti, kutafuta thamani kutoka jedwali jingine, na jedwali egemeo (pivot table). Chukua taarifa ya benki ya miezi mitatu, hata ya simu yako, uipange kwa aina ya matumizi. Programu za kazini, iwe Tally, QuickBooks au Sage, utafundishwa kwa siku chache. Serikalini utakutana na MUSE, mfumo wa malipo wa serikali, na hiyo haifundishwi mitaani.

Nifungue ofisi ya hesabu nyumbani?

*Nina stashahada, nina kompyuta, na mtaani kwetu maduka mengi hayana mtu wa hesabu. Naweza kuwatoza kwa mwezi? Naruhusiwa kuwasainia hesabu zao za TRA? (Dada, Morogoro)*

Dada, tenganisha kazi mbili. Kuwapangia risiti, kuandika daftari la mauzo na manunuzi, kukumbusha tarehe na kuandaa orodha ya mishahara ni utunzaji wa vitabu, na ndiko kwenye wateja. Kusaini ripoti ya ukaguzi si kazi yako: hiyo ni ya CPA mwenye leseni ya kufanya kazi kwa umma, CPA-PP. Mteja akiwa ni kampuni iliyosajiliwa, ritani yake ya mapato lazima itayarishwe au ithibitishwe na mtu wa daraja hilo, hata kama biashara imepata hasara mwaka mzima. Kumwakilisha mteja TRA kama mshauri wa kodi nako kunahitaji usajili wake. Kabla hujaandika bango, wasilisha nia yako kwa Bodi (NBAA) ujue usajili gani unakuhusu, na bango lisiwe na neno CPA wala mkaguzi.

Tafuta CPA-PP mmoja mkubaliane: wewe unampelekea hesabu zilizopangwa, yeye anafanya sehemu yake na kumtoza mteja. Wenye ofisi hizo wanapenda sana mtu kama wewe, kwa sababu kazi inayowala muda ni kufungua mifuko ya rambo iliyojaa risiti zilizofutika. Risiti za EFD huchapwa kwenye karatasi inayopauka kwa joto. Piga picha au toa nakala siku hiyohiyo.

Kutoza kwa mwezi ni vizuri, lakini bei ifuate wingi wa karatasi: duka lenye miamala 40 na la vifaa vya ujenzi lenye miamala 600 hayawezi kulipa sawa. Andika kwenye karatasi ya makubaliano kwamba mteja akuletee nyaraka kufikia tarehe 3. PAYE na SDL vinatakiwa tarehe 7 ya mwezi unaofuata, VAT tarehe 20. Mteja atakayekuletea mfuko tarehe 6 jioni kisha akakulaumu kwa faini utampata mwezi wa kwanza tu wa kazi, na ile karatasi yenye tarehe 3 na sahihi yake ndiyo utakayomwonyesha.